Mikono Ndani ya Maji

Nilikwenda Koboko kukwangua kioo. Mtu akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Nilibeba ndoo, kikwanguo, brashi mbili, mfuko wa chumvi ya bahari, na chini kabisa ya ndoo, ndani ya kipande cha kitenge, jiwe.

Basi la kutoka Arua lilinishusha saa kumi na mbili jioni. Jua lilikuwa linaanguka upande wa Congo na wanawake wa sokoni walikuwa wanakusanya nyanya zao. Nilitembea hadi hoteli ya Okuonzi, ile yenye vigae vya bluu, ambayo zamani watu walivuka mpaka kuja kutazama samaki wake. Samaki wa bahari, katika mji ambao bahari iko siku mbili za barabara. Okuonzi alitaka bahari pale mapokezini, na aliyemletea bahari hiyo alikuwa mume wangu, Anicet.

Anicet alikuwa mtu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Mrefu, mpole, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kwa sababu kioo kiliwahi kumkata mshipa. Kazi ya matangi ya samaki alijifunza Kampala. Aliponioa alinifundisha na mimi, mpaka wateja wetu wa Arua wakawa wanamwita yeye Baba Samaki na mimi Mama Samaki. Jina langu ni Driwaru, lakini hilo la samaki ndilo lililokaa.

Alifia kwenye tangi hilo la Koboko, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya jioni ninayoisimulia. Okuonzi aliwaambia watu ni moyo. Moyo ulisimama tu. Mazishini hakuja, alimtuma dereva na gunia la sukari. Sukari ile niliigawa kwa majirani, sikuramba hata punje.

Moyo... Mwezi ule ule Anicet alikuwa amepanda mlima Wati bila kupumzika, anapiga mluzi. Moyo gani?

Sasa sikiliza sheria yake, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Maji ya chumvi na umeme havina urafiki na binadamu. Ukiwa umetia mikono kwenye tangi na waya mbovu umegusa maji, mtu akiwasha swichi umekwisha. Kwa hiyo Anicet alikuwa na sheria moja tu kazini. Anayegusa swichi lazima aulize kwanza, kwa sauti: "Mikono?" Aliye kwenye maji anajibu: "Inje." Ndivyo wanavyotamka kwao, inje. Kama mikono bado imo, anajibu: "Ndani," na swichi haiguswi. Aliifanya hata nyumbani, kwa utani. Ananikuta naosha vyombo, anasimama mlangoni na kidole chake kilichopinda juu ya swichi ya taa: "Mikono?" Nami nacheka, nasema: "Inje, baba."

Miaka kumi na moja tulifanya kazi hivyo. Hakuna aliyewahi kujibu uongo.

Siku aliyokufa, umeme wa mji ulikuwa umekatika. Taa ya tangi ilikuwa imelegea hadi kugusa maji, na yeye alikuwa anaifunga, mikono majini. Kukawa na harusi, wageni wanaingia, na mtu akageuza swichi kubwa ya ukutani kuipeleka kwenye jenereta. Ya harusi niliyasikia kwa wafanyakazi, na swichi ile hugeuzwa na Okuonzi peke yake; kwamba ni umeme nililijua kwa sababu nilimwosha mimi. Niliziona alama kwenye viganja vyake. Moyo gani huo unaochoma viganja?

Nilitaka jambo moja kwa Okuonzi. Sikutaka ng'ombe wala kesi ya mahakamani. Nilitaka aje Dadamu, kijijini kwetu, asimame mbele ya kaburi, watu wakiwa wamekaa, aseme kwamba mkono uliogeuza swichi ni wake na kwamba hakuuliza. Maneno tu. Mwaka mzima nilimpigia simu. Mwaka mzima alikuwa na wageni.

Halafu akaanza kunipigia yeye.

Tangi lilikuwa limeshindikana. Mafundi watatu kutoka Kampala walikuja, wakakwangua, wakaondoka. Wa mwisho aliondoka bila vifaa vyake. Wageni walikuwa wanahama hoteli. Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine. "Mama, kuja tu," aliniambia kwenye simu. "Wewe najua hii tangi."

Nikasema nitakuja. Nikaenda kaburini kuchukua jiwe.

Jiwe lenyewe ni hivi. Katika ukoo wetu pale Dadamu, mtu akishafukiwa, kila aliyeishi naye au aliyempa kazi huleta jiwe moja na kuliweka juu ya udongo. Maana yake ni kwamba huna neno na marehemu, wala huna neno na mtu kwa ajili yake. Alale. Mwenye neno haweki. Okuonzi hakuweka, na kila aliyekuwapo alihesabu hilo. Mimi niliweka la kwanza, kichwani. Shangazi yangu Viktoria alinionya siku ile ile, akinishika mkono: "Ukiliondoa lako umefungua kesi, Driwaru. Na yeye ataamka kuisikiliza. Usifungue kitu ambacho hujui kukifunga."

Nililiondoa asubuhi ya safari, umande ukiwa bado kwenye majani. Lilikuwa jiwe jeusi, kavu, la ukubwa wa kiazi kikubwa. Sikumwambia shangazi.

*

Mapokezini alikuwa Martine, msichana mwenye akili aliyetoka Congo na kufanya kazi pale tangu hoteli ifunguliwe. Alimpenda Anicet kama kaka. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa, kimelipa tangi mgongo.

"Karibu mama," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Mzee iko nyuma. Nakuja sasa."

"Kwa nini umeligeuzia tangi mgongo?"

Alitazama meza. "Mimi hapana angalia ile kitu. Jioni iko napiga kioo."

"Nani anapiga?"

"Mama... iko napiga kwa ndani."

Nikageuka kulitazama.

Tangi lilikuwa refu kuliko kitanda, limejengwa kama ukuta kati ya mapokezi na ukumbi wa chakula. Sikuona samaki hata mmoja. Niliona kijani tupu, kizito, kimeshonana na kioo. Na harufu. Si harufu ya bahari; hiyo naijua. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na chini yake harufu nyingine ndogo, ya nywele zilizoungua.

Kijani hicho ni mwani, na watu wanauchukia bure. Mwani ni mfanyakazi. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki huoza na kuwa sumu, na mwani ndio unaoila sumu hiyo. Taa ikiwaka, mwani hutoa hewa. Samaki wa njano anaishi kwa kuutafuna. Na ukiona juu ya mawe ganda la waridi, gumu, limeng'ang'ania kama rangi ya kucha, ujue maji yako ni mazima. Hilo nalo ni mwani, na huchukua mwaka mzima kuenea. Ubaya unaanza ukiulisha kupita kiasi. Chakula kingi, taa kali, maji ya kisima kilicho jirani na choo, basi mwani unafunika kioo, unafunika mawe, unavibana vile viumbe vidogo vinavyoota kwenye mawe mpaka vife. Na gizani unageuka. Taa ikizimika, ule uliokuwa unatoa hewa huanza kuivuta, na asubuhi unakuta samaki juu ya maji, midomo wazi.

Ndiyo maana Anicet aliweka bustani yake, tangi dogo ndani ya kabati lililo chini ya lile kubwa, limejaa mwani uliosokotana, na taa yake yenyewe. Wa chini ukishiba uchafu wote, wa juu unabaki na njaa, kioo kinakaa safi. Alipokufa, Okuonzi aliamuru bustani itupwe. Eti inanuka. Kwa hiyo kijani kile ningeweza kukieleza kwa dakika moja. Alimtupa mfanyakazi, halafu akashangaa uchafu.

Mikono ndiyo sikuweza kuieleza.

Ilikuwa katikati ya kioo, usawa wa kifua changu. Sehemu mbili ambazo mwani haukuota. Viganja viwili na vidole kumi, safi kabisa, vimebanwa kwenye kioo kwa upande wa ndani, kama mtu anayesukuma atoke. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kimepinda.

Sikulia. Nilisikia joto likipanda kutoka tumboni hadi masikioni, na lilikuwa joto la furaha. Nikasema moyoni, kumbe na wewe hujasamehe.

*

Okuonzi alitoka nyuma akiwa na suti ya kijivu na ndala za plastiki, anatafuna karanga. Alikuwa amekonda. Hakunipa pole. Mwaka na miezi miwili, hata pole.

"Driwaru, mama. Karibu. Maliza hii kitu leo. Mimi nimechoka."

"Nitaimaliza, mzee," nikasema.

Nikapanda kwenye stuli, nikatia kikwanguo. Mwani ulitoka kirahisi, vipande kwa vipande, ukizunguka majini. Kioo kilianza kuonekana. Nyuma yake nikaona mawe, na samaki wa njano mmoja, mzee, amejibanza kwenye kona. Nilikwangua kushoto, nikakwangua kulia, nikamaliza kioo kizima. Nikashuka kutazama.

Mikono ilikuwa bado ipo. Ila sasa ilikuwa imegeuka. Mwanzoni ilikuwa safi ndani ya kijani. Sasa ilikuwa ya kijani juu ya kioo safi.

Nikaikwangua. Kikwanguo kilipita juu yake bila kuchukua kitu.

"Umeona?" Okuonzi alinong'ona. Karanga zilikuwa zimesimama mdomoni. "Ile watu ya Kampala pia hivi hivi. Nakwangua, nakataa."

Mimi nilikuwa naangalia. Vidole vilikuwa vinaachana. Polepole... nafasi kati ya kimoja na kingine ilikuwa inaongezeka, kama mkono unaojinyoosha baada ya kulaliwa.

Halafu umeme ukakatika.

Hilo ni jambo la kawaida kwetu, jioni bila kukatika ndiyo ya kushangaza. Lakini pampu zilinyamaza zote kwa mara moja na mapovu yakaisha. Kulikuwa na mwanga kidogo tu wa jua lililokwisha, mlangoni. Martine alisema anakwenda kutafuta mshumaa. Nilisikia viatu vyake vikikimbia.

Samaki wa njano alipanda juu ya maji. Mdomo wake ukaanza kufunguka na kufunga.

"Ngoja," Okuonzi akasema, "mimi nawasha jenereta." Akaanza kwenda kwenye ujia ulio nyuma ya tangi, kwenye ile swichi kubwa ya ukutani.

Nilirudi kwenye stuli, nikatumbukiza mkono kwenye maji haraka. "Mzee," nikasema. "Mikono yangu iko ndani."

Alisimama. Alisimama kama mtu aliyeshikwa ukosi. Nikajua kwamba sheria ya Anicet anaijua.

Nilitoa mkono, nikafungua kitenge, nikalitoa jiwe, nikaliachia majini, nikashuka. Lilizama bila sauti na kukaa katikati ya mawe mengine, chini ya ile mikono.

Sasa nakiri kitu. Nilichomwambia Okuonzi baada ya hapo si mila ya Dadamu wala ya Ariwara. Niliitunga mwenyewe pale pale, nikiitazama ile mikono.

"Mikono hii haitoki kwa kikwanguo," nilimwambia. "Ina mwenyewe. Panda hapa juu. Ingiza mikono yako, uiweke juu ya hii, kiganja kwa kiganja. Halafu useme ulichofanya. Ukisema kweli, itaondoka."

"Nikisema uongo?"

"Jaribu."

Mtu mwenye hoteli mbili na shamba Logiri, aliyenipuuza mwaka mzima, alivua koti lake la suti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kaunta. Akakunja mikono ya shati. Akapanda stuli. Kanuni yangu ya uongo aliifuata kuliko anavyofuata misa.

Alipoinama, bega lake liligusa taa iliyoning'inia juu ya tangi. Ilikuwa taa ile ile. Hakuibadilisha. Aliifunga tu kwa utepe mweusi, na utepe ulikuwa umeoza kwa chumvi. Taa ikateleza upande mmoja. Nikaona waya ulio uchi ukishuka, ukagusa maji, ukazama kiasi cha kidole kimoja.

Niliuona. Nataka ujue hivyo. Hapakuwa na giza la kutosha kunificha mimi mwenyewe.

Umeme haukuwapo, nikajiambia. Hakuna hatari. Nikanyamaza.

Okuonzi aliweka viganja vyake juu ya vile vya kijani. Akavuta pumzi kwa nguvu. "Iko baridi," alisema.

"Sema."

"Mimi niligeuza swichi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi mwenyewe. Hapana mutu mwingine."

"Uliuliza?"

"Hapana uliza."

"Utakuja kusema hivyo Dadamu? Mbele ya watu, kaburini?"

"Nitakuja Jumapili. Mama, naapa. Nitasema mbele ya watu yote, nitaweka jiwe. Wewe tu ondoa hii kitu."

Basi. Nilikuwa nimelipata. Mwaka mzima wa kupiga simu, na lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia ashuke, atoe mikono, aangalie ule waya.

Na angeshuka. Lakini hofu inamfanya mtu aseme mpaka asichoulizwa.

"Mimi hapana uliza," alisema tena, "lakini yeye alisema. Alisikia mimi kwa swichi. Akaita, 'Ndani, mzee, ndani.' Mara mbili. Mimi nilisikia. Lakini wageni ilikuwa kwa mlango, na giza, aibu... Nikasema kwa roho, atatoa mikono upesi, hapana shida."

Nilikuwa nimeamini mwaka mzima kwamba ni uzembe. Uzembe nilikuwa tayari kuusamehe Jumapili ile, mbele ya watu. Sikuwa nimejua kwamba Anicet aliita.

Alisikia. Alisikia mara mbili.

Samaki wa njano alikuwa bado ananyonya hewa juu ya maji. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuja tena, sasa si kutoka kwenye tangi. Ilitoka kwenye ujia nyuma yangu, ukutani, penye swichi.

Halafu sauti ikauliza.

"Mikono?"

Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini, mwenye subira, anayefuata sheria yake.

Okuonzi aliisikia. Aligeuza shingo na uso wake ukanitazama mimi, mweupe kwa mate ya karanga pembeni mwa mdomo. Alikuwa anajaribu kutamka neno. Nililiona neno hilo likijitengeneza. Nd...

Nikamtangulia.

"Inje," nikasema.

*

Swichi ililia mara moja tu. Tak. Taa zote zikawaka.

Sitaeleza niliyoyaona. Nitasema tu kwamba nilifurahi, na kwamba furaha hiyo ilidumu muda wa kuvuta pumzi tatu, nne hivi. Kisha taa zikazimika tena, Okuonzi akaanguka chini pamoja na stuli, na Martine alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa.

Hakufa. Walimpeleka hospitali ya Kuluva usiku huo huo na madaktari walimpigania. Yuko hai hadi leo. Anakula uji kwa kijiko cha mtu mwingine. Mikono yake imejikunja kama miguu ya kuku na haifunguki. Mdomo wake haushiki maneno tena. Nilikwenda kumwona wiki ya tatu, nikakaa karibu na kitanda, nikamwambia: "Mzee, Jumapili imepita." Alinitazama. Midomo ikaanza kuhangaika. "N... n... n..." Muuguzi akadhani anataka nesi.

Neno nililolitaka mwaka mzima, alilisema mara moja, na aliyesikia ni mimi peke yangu. Kaburini hakuna atakayelisema tena. Nililizima mwenyewe kwa neno langu moja.

Polisi waliuliza maswali yao. Swichi ilikutwa imegeuzwa upande wa jenereta, hilo ni kweli. Lakini jenereta ilikuwa haina betri. Betri ilikuwa kwa fundi tangu Jumanne, na Okuonzi hakuwa ameambiwa. Mtu mmoja wa umeme alisema pengine mkondo ulirudi kidogo kwenye waya wa mji, hutokea. Pengine. Kwenye mpini wa swichi kulikuwa na utelezi wa kijani. Polisi kijana aliufuta kwa karatasi ya chooni kabla mkubwa wake hajauona, kwa kuwa ulikuwa unanuka.

Tangi lilikutwa safi. Maji meupe, kioo kitupu, samaki wa njano anazunguka na afya yake. Jiwe langu halikuwemo.

Martine alinisindikiza hadi kituo cha basi asubuhi iliyofuata usiku ule. Alinibebea ndoo. Basi likawasha injini.

"Mama, mimi nimesikia mutu nauliza," alisema, macho chini. "Na nimesikia mutu najibu. Ile nauliza... mimi najua yeye. Mimi nilifanya kazi na yeye, hapana ogopa yeye." Akanikabidhi ndoo. "Mimi nimeambia polisi hapana sikia kitu. Lakini mama hapana rudi hapa."

Nilifika Dadamu mchana. Jiwe lilikuwa kizingitini kwangu.

Lilikuwa linadondosha maji. Nililamba kidole: chumvi. Na upande mmoja wa jiwe hilo, nililoling'oa kaburini jana yake likiwa jeusi na kavu, kulikuwa na ganda la waridi, gumu, limeenea karibu nusu. Lile linalochukua mwaka mzima.

Nililirudisha kaburini, kichwani, mahali pake. Asubuhi lilikuwa kizingitini. Nimelirudisha mara tisa. Shangazi Viktoria aliliona mara ya nne, akalitazama, akanitazama mimi, akavuta kanga yake mabegani. Tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma. Hakuuliza. Anajua kwamba anayerudishiwa jiwe lake ni mtu ambaye marehemu ana neno naye.

Nami najua neno lenyewe. Sheria yake ilitulinda miaka kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewahi kudanganya. Yeye aliuliza kama fundi. Mimi ndiye niliyemfanya ageuze swichi mikono ya mtu ikiwa ndani.

Beseni langu la vyombo limeanza kuwa na kijani. Nalisugua kwa mchanga, kinarudi. Nyumba yangu haina umeme tangu mwezi uliopita, niliomba wakate waya kabisa, hadi kwenye nguzo. Lakini jioni, nikitia mikono kwenye maji ya vyombo, sauti inauliza.

"Mikono?"

Mwanzoni nilikuwa naitoa haraka na kusema inje. Anauliza tena. Sasa nimeamua kusema ukweli, kwa sauti, hadi majirani wanasikia: "Ndani, baba. Mikono iko ndani."

Anauliza tena. Hana sababu ya kuniamini.

Siku za kwanza alikuwa anauliza kutoka barabarani. Juzi ilikuwa uani. Leo aliuliza akiwa mlangoni, pale alipokuwa anasimama zamani, na nikasikia kidole kikitafuta ukutani mahali ilipokuwa swichi.